Henzirani ya Landilodi

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Riruta, Nairobi, kusema "haiwezekani" lilikuwa kosa kubwa kuliko kuacha mfereji ukitiririka. Aliyeacha mfereji wazi alikemewa na kusamehewa. Aliyesema haiwezekani, Landilodi aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamfuata mpaka mlangoni na kumwuliza, "Nani amekuambia?" Ukijibu kwamba hakuna aliyekuambia, umejua tu mwenyewe, alikucheka. Ukitaja jina la aliyekuambia, alitaka nambari yake ya simu.

Sisi wapangaji tulimwita mama huyo mwenye ploti Landilodi, na jina hilo lilimfuata hata kanisani, ambako alikuwa na cheo katika chama cha akina mama. Vijana wa mtaa walimwita Shosho, yaani bibi. Mimi aliniita Profesa, ingawa sijawahi kuwa profesa. Nilikuwa mwalimu wa kibarua wa chuo kikuu, mwenye shahada mbili na chumba kimoja, na sijawahi kuotesha hata sukuma wiki ikafika sufuriani. Miaka ilipopita nikahamia fleti ya Hurlingham, hakunipongeza. Aliniambia sasa nitaishi juu ya watu nisiowajua na chini ya watu wasionijua, na kwamba nisisahau kuja kula githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa gambuti mvua ikinyesha au isinyeshe. Kichwani alikuwa na kofia ya sufu aliyoivua kwa ajili ya Mungu peke yake, na hata kanisani alisubiri wimbo wa kwanza uishe. Alisema hapendi ubishi. Alisema hivyo akibisha.

Alimfukuza mpangaji mmoja aliyekuwa kiongozi wa kwaya, mtu mcha Mungu asiyegusa hata soda, kwa sababu kila alfajiri alifanya mazoezi ya noti ya juu ambayo hakuwa akiifikia. Lakini mlevi wa chumba cha mwisho, Landilodi alimvumilia kwa miaka. Tulipomwuliza sababu alisema, "Yule akilewa anakubali amelewa. Huyu wenu wa kwaya anadhani anaimba."

Wakati fulani watu wa kupima barabara walipita mtaani na makopo ya rangi nyekundu, wakachora alama ya X ya kubomolewa kwenye kila ukuta walioona umeingilia njia. Majirani walilia, wakakutana, wakatafuta wakili. Landilodi alichukua rangi nyeupe iliyobaki baada ya kanisa kupakwa, akaifuta X yake mchana kweupe, kisha akaketi nje akichambua maharagwe. Vijana wa rangi waliporudi walishangaa.

"Shosho, ile X iko wapi?"

"X gani?"

"Tulichora hapa, kwa hii ukuta."

"Mlichora kwangu bila kupiga hodi? Wewe, mama yako anajua kazi yako ni kuchora kuta za watu?"

Kijana alifunika kopo lake la rangi, wakaondoka. Barabara yenyewe haijaja mpaka leo. Mimi sidai ni kwa sababu ya Landilodi. Yeye anadai.

Sasa henzirani. Chumba cha karibu na geti kilikaliwa na Fundi, mtu wa Kitui, aliyefuma viti kando ya barabara ya Argwings Kodhek, pale ambapo wenye magari husimama, huuliza bei, hucheka kidogo na kuondoka. Vifaa vyake alivinunua River Road, mafungu marefu ambayo mtu mmoja wa Uganda aliyaleta kutoka misitu ya kwao. Kwa asiyeijua, henzirani ndiyo ile fimbo nyepesi inayopindika bila kuvunjika, inayofumiwa viti vya baraza na vitanda vya watoto wachanga. Wengi huidhani ni aina ya mwanzi. Siyo. Mwanzi una uwazi ndani, henzirani imejaa. Ni ndugu wa mnazi na mtende, ila ni yule ndugu asiyeweza kusimama mwenyewe. Shina lake ni jembamba kama kidole gumba, kwa hiyo hukamata mti mwingine kwa kulabu na kuupanda mpaka kwenye jua.

Siku moja Landilodi alisimama mbele ya fungu la Fundi, mikono kiunoni.

"Kwa nini mnanunua fimbo nchi ya watu? Sisi hatuna udongo?"

"Udongo tuko nao, Shosho. Lakini hii haiwezi mea Nairobi. Huku ni baridi. Inataka joto na mvua mob."

Fundi alipotamka "haiwezi", sote tuliokuwa kwenye mabeseni ya kufulia tuliinua vichwa.

"Nani amekuambia?"

Fundi alikuwa mtu wa busara, akajaribu kurudi nyuma. "Ni vile tu nasikianga, Shosho."

"Unasikianga. Haya. Mwambie huyo mtu wako wa Uganda alete mbegu."

Mimi nami, kwa kuwa nilikuwa na shahada, niliona ni wajibu wangu kusaidia. Nilikwenda maktaba ya chuo, nikarudi na karatasi, nikamweleza habari za misitu ya mabondeni, unyevu wa hewa, na jinsi Nairobi ilivyo juu mno kutoka usawa wa bahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunitia hofu.

"Na huo mti, Profesa, umesoma hiyo karatasi?"

"Hapana."

"Basi usiuambie."

Matunda yalikuja ndani ya mfuko, madogo, yamefunikwa magamba yaliyopangana kama ngozi ya nyoka. Watoto wa ploti walidhani ni mayai ya kitu. Landilodi alifanya lile ambalo mama yake alifanya kwa mahindi na maharagwe, na ambalo kila mwanamke wa kilima chao angelifanya: aliyaanika kwenye gunia juani mpaka yakakauka na kulia kama njuga, akayapaka jivu ili wadudu wasiyaguse, akayatundika jikoni juu ya moshi kusubiri mvua. Ilikuwa kazi safi. Mvua iliponyesha aliyapanda kwa mistari iliyonyooka, akaweka na mboji.

Hakuna kilichoota. Msimu ukaisha, udongo ukabaki mtupu, na Landilodi akamwendea Fundi.

"Umeniletea mbegu za kuchemshwa."

Fundi alimpigia simu mtu wake, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Mtu wa Uganda aliposimuliwa habari za jua, jivu na moshi, alicheka mpaka tukamsikia akiomba maji. Mbegu ya henzirani, alisema, ikikauka imekufa. Hupandwa mbichi, siku ile ile ikiwezekana. Landilodi alichukua simu mkononi mwa Fundi. "Wewe unayecheka, umemaliza? Sasa nieleze polepole, na ukinidanganya nitapanda basi nije huko."

Akaelezwa. Mzigo wa pili ulikuja umefungwa kwa gunia bichi, na safari hii aliyamenya matunda mwenyewe, magamba kwanza, kisha nyama ile chachu, akazisugua mbegu kwa mchanga mpaka zikawa safi. Alizipanda jioni ile ile katika pakiti tupu za maziwa zilizojazwa udongo mweusi na majani yaliyooza. Likabaki suala la joto na unyevu, vitu ambavyo Riruta mwezi wa Julai haina. Landilodi alizunguka ploti akinusa kama mtu anayetafuta moto uliofichika, mwisho akasimama mbele ya bafu zetu mbili. Asubuhi iliyofuata bafu moja lilikuwa na kufuli, na pakiti zote zilikuwa ndani.

Bafu la pili lilibaki la ploti nzima, na amri ikatolewa kwamba kila anayeoga maji moto aache mlango wa katikati wazi ili mvuke uende kwa jirani. Tulipanga foleni na taulo shingoni, tukioga kwa niaba ya mbegu. Mlevi wa chumba cha mwisho alilalamika kwamba hajawahi kuoga mara nyingi hivyo maishani. Msimu mzima ulipita. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimwuliza kama kuna chochote, naye alinijibu kwa ukali kwamba mimba ya ng'ombe huiulizi kila Jumapili.

Kisha kikatokea kijani chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Kikafuata kingine. Nyingi hazikuota, lakini zilizoota zilitosha. Hakutuita tuone. Alifungua tu kufuli la bafu, akaondoka, akatuacha tugundue wenyewe.

Alizihamishia chini ya mgrevilea mkubwa uliosimama katikati ya ua, mti wa mwisho uliobaki katika kichochoro chote, na akazifunika kwa wavu mweusi. "Inataka miguu kivulini na kichwa juani," aliniambia akichimba, "kama mimi kwenye mkutano wa akina mama." Aliweka majani makavu kuzunguka shina ili udongo usikauke, na akatunyima ruhusa ya kumwaga maji ya kusuuzia mahali pengine. Ila sabuni haikutakiwa, kwa hiyo tulisuuza nguo mara mbili, na tukawa ploti yenye nguo safi kuliko zote Naivasha Road. Baridi ya Julai ilipokuja alizivisha magunia. Baadhi zilikufa hata hivyo. Alizing'oa na kuongeza majani kwa zilizobaki.

Halafu hakuna kilichotokea kwa miaka. Hiyo ndiyo tabia yake: henzirani hukaa chini kama kichaka cha majani yaliyochanika, ikijenga mizizi, haionyeshi nia yoyote ya kupanda. Wapita njia walimtania.

"Shosho, hii ni nyasi ya ng'ombe?"

"Ni ya punda. Karibu."

Shina lilipoanza kupanda, mimi nilikuwa nimeshahamia Hurlingham, na niliporudi kula githeri nilikuta limefika juu ya kichwa changu, limevaa miiba kuanzia chini, na kutoka kwenye majani yake ikining'inia mijeledi mirefu yenye kulabu ndogo zinazotazama nyuma. Mijeledi hiyo ilikamata kila kitu. Ilikamata mashati kwenye kamba, mwavuli wa mchungaji, na Jumapili moja wigi la mpangaji mpya, ambalo lilibaki likipepea juu huku mwenyewe akipiga mayowe. Nilipojaribu kulinasua nilinaswa mimi. Nilivuta, mjeledi ukanishika zaidi.

"Usivute, Profesa!" Landilodi alipaza sauti kutoka jikoni. "Ukivuta inakula. Rudi nyuma."

Nilirudi nyuma, mkono ukaachiliwa. Shati halikuachiliwa.

Fundi ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu kila jioni alipita chini ya viti ambavyo havijafumwa. Siku moja alijipa moyo.

"Shosho, ile kubwa imekomaa."

"Imekomaa kufanya nini?"

"Kukatwa."

"Wewe pia umekomaa. Nikukate?"

Hatukuelewa. Mwanamke aliyetunyang'anya bafu ili apate henzirani, sasa alikataa kutoa hata ya kutosha kiti cha mtoto. Fundi aliendelea kununua River Road. Mashina yaliongezeka kwenye kisiki kimoja, yakapanda pamoja, yakasukana ndani ya matawi ya mgrevilea mpaka ukitazama juu hukujua jani lipi ni la nani.

Mwana wa kwanza wa Landilodi alikuwa mtu wa ofisi, mpole, anayevaa sweta chini ya koti, na nisingependa asomwe hapa kama mtu mbaya. Kichochoro kizima kilikuwa kimegeuka fleti. Ploti ya mama yake peke yake ilibaki na vyumba vya chini, ua, na anga. Yeye alitaka kujenga, na mchoro aliouleta ulionyesha ngazi za jengo zikipita pale pale mti uliposimama. Hati ya ploti ilikuwa ya mama, na mama alikataa. Wakawa wanakunywa chai pamoja kila wiki bila kuzungumzia jambo hilo, kwa sauti kubwa.

Kisha, mvua ya Aprili ya mwaka jana, tawi la mgrevilea lilivunjika na kutoboa mabati ya chumba cha pili. Mpangaji hakuwemo. Lakini angeweza kuwemo, na hapo mwana alipata hoja ambayo hata mimi sikuweza kuipinga.

"Mami, si habari ya fleti tena. Mti utaua mtu."

Siku hiyo hiyo Landilodi alimhamisha mpangaji wa chumba cha pili akampa chumba chake mwenyewe, chenye sakafu ya vigae, naye akabeba godoro lake akaenda kulala katika chumba hicho cha pili, chini ya mti. "Ukianguka, utaniangukia mimi," alisema. Mwana alikuja na mzee wa kanisa. Alikuja na shangazi. Mwisho alinipigia simu mimi, akiniomba nimshauri mama yake kwa kuwa ananiheshimu. Nilimweleza kwamba amekosea kuhusu heshima, lakini nilienda.

Tulikaa uani, sisi watatu na Fundi. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu. Landilodi hakunipa nafasi.

"Leteni mtu wa kukata," alisema.

Mwana aliweka kikombe chini. "Mami?"

"Leteni. Akiweza kuupanda huu mti na kuukata, jenga fleti zako mpaka mbinguni, nitaweka sahihi. Akishindwa, usinirudie na hiyo maneno mpaka nife. Fundi amesikia. Profesa amesikia."

Mwana alitabasamu kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakutarajia, na sikumlaumu. Kupanda mgrevilea na kuukata, nani Nairobi hawezi?

Mkataji alikuja Jumamosi ya baridi mwezi wa Agosti, kijana mwenye misuli, na kamba begani na msumeno wa petroli. Mti haukuweza kuangushwa mzima, kwani ulizungukwa na vyumba pande zote na kichochoro hakipitishi gari la kunyanyua. Ilikuwa lazima apande, akate matawi moja moja, ayashushe kwa kamba. Aliuzunguka mara kadhaa. Aliweka ngazi. Alipanda kidogo, akasimama, akashuka, akaomba panga na koti nene. Alipanda tena akifyeka. Kila mjeledi aliokata ulibaki ukining'inia kwa kulabu zake juu ya mwingine, na nyuma ya huo palikuwa na mwingine. Koti lilikwama kwanza. Kisha kofia. Kisha sikio.

"Wasee, hii ni nini mmepanda huku?" alifoka kutoka juu.

"Ni nyasi ya punda," alijibu Landilodi.

Mwana alisema kata chini, kwenye mashina, kitu chote kife. Mkataji aliteremka, akatazama juu, akatikisa kichwa. "Boss, nikikata chini itakauka tu huko juu. Miiba ikikauka ndiyo mbaya zaidi. Ngoja ioze, labda miaka." Mwana alivua koti lake la ofisi, akashika shina moja kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu zake zote. Halikushuka hata kidogo. Kulabu zote za juu zilikuwa zimeshika, na alichovuta kilikuwa mti mzima. Alipoachia, viganja vyake vilikuwa na damu.

Mkataji alikunja kamba yake. Alikataa hata chai. Tulisikia geti likifungwa.

Landilodi alimketisha mwanawe kwenye stuli, akatoa pini kwenye kofia yake ya sufu, akaanza kumtoa miiba mmoja mmoja. Fundi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayehesabu miaka yake upya.

"Shosho," alisema, "kumbe si ya viti?"

"Nani aliwahi kukuambia ni ya viti?"

Mpaka leo sijui. Inawezekana alilijua hilo tangu alipozisugua mbegu kwa mchanga, kwamba fleti zitafika mlangoni kwake siku moja na mti utahitaji mlinzi. Inawezekana pia alitaka tu kumwonyesha Fundi, na mengine akayachukua yalipokuja, jinsi alivyochukua sifa ya ile barabara kutokuja. Sikumwuliza. Angenijibu, na ningemwamini.

Mwana alikuwa ameinamisha kichwa. "Sawa, Mami. Umeshinda. Lakini tawi lingine limelalia paa la hicho chumba unacholala. Litaanguka. Hiyo si fleti, hiyo ni wewe."

"Najua," alisema. "Nililiona kabla yako." Alichomoa mwiba wa mwisho, akarudisha pini kichwani, akaingia jikoni na kutoka na msumeno wa mkono na gunia nene, akalivaa gunia mabegani kama kanzu. Aliikokota ngazi ya mkataji, ambayo katika haraka zake aliisahau, mpaka ukutani.

"Mami, unaenda wapi?"

"Wewe umesema tawi. Nishikie ngazi."

"Mami, miaka yako…"

"Nishikie ngazi, ama nipande bila wewe."

Mwana alisimama. Alishika ngazi kwa viganja vyake vilivyotobolewa, mimi nikashika upande wa pili. Landilodi alipanda na gambuti zake, akigeuka ubavu, akirudi nyuma kila mjeledi ulipomgusa, bila kuvuta hata mmoja, na mijeledi ikamwachia. Alipofika usawa wa paa aliweka msumeno kwenye tawi na kuanza kukata. Vumbi la mbao likatuangukia machoni. Lilikuwa tawi kubwa, na alikuwa na umri wa kukaa kitako akiletewa uji, na alikata polepole, akipumzika, akikata tena.

Hakuna aliyemwambia ashuke.